Hotipoti Inayovuka Songwe

Jumapili, 5 Mei 2024

Jaribio la kwanza limeshindwa. Mbalaga, ndizi zetu za kupikwa na nyama, bila ndizi za Kyela ni jina tu! Ndizi za sokoni hapa Karonga, upande wa Malawi, zimelainika upesi zikawa uji, nyama ikabaki ngumu katikati kama kitu kilichodondoka matopeni. Nimekula hivyo hivyo, nimesimama dirishani.

Kisha nikaona nimepakua sahani mbili. Tena. Mwaka wa pili huu na mkono bado haujapata habari. Ile ya pili nimeirudisha sufuriani bila kuitazama.

Naandika kwa nini napika, nisije nikajidanganya baadaye. Keziya, wifi yangu, amenitumia ujumbe wa sauti baada ya kanisa. Baba yake hali chakula. Huyo ndiye baba mkwe wangu, Mzee — jina lake siliandiki hata hapa, ambako hakuna wa kuniona. Amekonda mpaka mkanda umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Daktari wa Kyela hakuona ugonjwa. Amesema huyu ni mtu asiyekula, mlisheni, la sivyo masika yajayo hatayaona. Keziya akipeleka sahani anaambiwa ameshiba. Ameshiba nini? Halafu, kwa sauti ndogo: "Wifi, ulipokuwa hapa alikuwa anamaliza. Nikipika mimi anatafuna kama ng'ombe aliyepewa kamba."

Ni kweli, alikuwa anamaliza. Muda wote nilioishi kijijini kwao Ipyana kama mke wa mwanawe nilimpikia kila siku, na sijawahi kuuona uso wake. Nyumba ile ndivyo ilivyo. Mke wa mtoto haonani na baba wa mume. Nikisikia kikohozi chake njiani nachepuka migombani, kitenge kichwani, mpaka apite. Chakula nakiweka kwenye kigoda barazani, napiga makofi mepesi kumjulisha, naondoka. Majirani wengi wameshaacha, wanatucheka. Mzee hajaacha. Na mimi, msomi wa maabara, nilichepuka bila kubishana. Namjua kwa kikohozi, kwa mgongo, na kwa sahani alizorudisha — tupu, zimefutwa kwa tonge la mwisho.

Nitampikia kutoka huku. Rafiki yangu Salma anavuka mpaka kila wiki na vitenge vyake. Hotipoti moja haitamvunja mgongo.

Jumatano, 8 Mei

Mama Tulinagwe, mwenye nyumba wangu, amegonga na bakuli la usipa wa kukaanga. Nikakataa. Akauliza, mzio? Hapana. Dini? Hapana. Akasonya. "Uko Karonga na huli samaki. Utakula mawe?" Kiswahili chake alikiokota soko la Kyela enzi za biashara yake ya vitambaa. Akikasirika anahamia Kingonde, nami namwelewa vizuri tu, maana ni Kinyakyusa kilichovuka mto.

Sikumweleza. Hapa hakuna anayenijua kama mjane. Ndiyo sababu niliikubali kazi ya zahanati hii. Hosiana wa maabara, basi. Chumba, jiko dogo la gesi pembeni, mlango mmoja wa kutokea barazani.

Tumpale, mume wangu, alikuwa fundi wa injini za boti. Masika ya mwaka juzi alipanda boti la mizigo kujaribu injini aliyoifufua kwa mikono yake. Karibu na mdomo wa mto Songwe boti likapinduka. Wenzake waliogelea. Yeye alikuwa ameinama kwenye injini. Walimtafuta mpaka watu wakaanza kukwepana macho.

Siku ya kuanua matanga, bila mwili, Mzee alisimama. Mimi nilikuwa ndani nyuma ya pazia, nikasikia tu. Alisema nyumba yake haitatia mdomoni samaki wa ziwa lile mpaka ziwa limrudishe mwanawe. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kila mtu alielewa. Samaki wanakula nini huko chini? Nani atalitoa swali hilo mbele ya ugali?

Tangu siku hiyo sijala. Si kwa amri yake. Koo lenyewe linafunga.

Na nimekuja kufanya kazi mji ambao kila barabara inaishia ziwani! Leo nimetembea sokoni nikiwa nimebana pua kama mtoto. Wauza usipa wamenicheka.

Jumamosi, 11 Mei

Jaribio la pili. Uyoga wa mvua, vitunguu, karanga za kusaga, na ugali wa muhogo wanaouita kondowole. Nimeonja: si mbaya. Una mvutano kama wa nyama. Nimefunga hotipoti kwa kanga.

Salma alikuja kuichukua. Baba yake ana duka Kyela mjini, watu wa asili ya pwani. Yeye mwenyewe maisha yake yote ni mpaka wa Kasumulu. Akainua hotipoti, akaipima kwa mkono. "Shoga, mimi ni mfanyabiashara au nimekuwa mama lishe?" Nikamwambia ni ya mgonjwa. "Ya mkwe, sema. Wenzio wanawakimbia wakwe, wewe unampelekea uyoga kwa pasipoti." Kisha akaniangalia vizuri, akaacha kucheka. Akaondoka ameipakata.

Jumanne, 14 Mei

Imerudi. Nzito. Nilijua kabla ya kufungua.

Keziya kwa sauti: "Amefungua, amenusa, amefunika." Nikampigia. Nikamuuliza hakuonja hata kidogo? Hapana. Alikaa nayo mapajani kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani, kisha akasema irudishwe kwa mwenyewe, ndaga fijo, asante sana.

Uyoga ulikuwa umechacha njiani. Nimeumwaga nyuma ya nyumba. Harufu ilibaki jikoni jioni nzima — ya maji yaliyokaa. Nimefungua dirisha, nikasikia ziwa. Nikalifunga.

Jumapili, 19 Mei

Jaribio la tatu ndilo lililoniuma. Nilijaribu kupika kile alichokuwa anakipenda Tumpale, maharage machanga na maziwa ya mgando. Maziwa yakakatika. Nikatuma hivyo hivyo na Salma juzi. Leo taarifa ile ile. Amefungua, amenusa, amefunika.

Nimefikiria siku nzima. Nyumba ile kabla ya msiba ilikuwa ya samaki. Kila mboga pale ilikuwa na usipa ndani, hata kisamvu, hata maboga. Mbasa, samaki mkubwa wa ziwa, siku za wageni. Nikipika leo bila samaki napika chakula kisicho na sakafu. Mzee anafungua, anatafuta kile alichokikataza mwenyewe, hakipo, anafunika.

Je, naweza kukipata kwa njia nyingine? Chumvi, moshi, karanga zilizokaangwa mpaka karibu kuungua, majani ya kunde yaliyokaushwa? Kazi ya maabara hasa! Oscar, mwenzangu wa kazini, anasema nitengeneze samaki asiye na samaki, nitatajirika. Yeye ni Mmalawi wa kusini, kila kitu kwake ni mzaha mpaka saa ya kazi. Alinialika kula chambo, samaki wao wa kuchoma, kando ya ziwa. Nikasema nina kazi. Akasema Jumapili? Nikasema Jumapili.

Alhamisi, 23 Mei

Mafua. Pua imeziba kabisa, macho yanatoka machozi juu ya darubini. Mama Tulinagwe amenipaka kitu kifuani bila ruhusa.

Alikuta karanga zangu zimeisha. Akaenda kwake, akarudi na kopo. "Chukua unga wangu. Nimetwanga mwenyewe." Unga wa karanga, rangi ya udongo, laini sana. Ndaga, mama.

Ijumaa, 24 Mei

Jaribio la nne. Kisamvu kilichotwangwa, unga wa Mama Tulinagwe, moto mdogo kwa muda mrefu. Pua haisikii chochote. Nimeonja kwa ulimi peke yake.

Sijui niandikeje. Nilishika kijiko nikakaa chini. Haikuwa ladha ya kisamvu — ilikuwa kama mtu ameingia na kuvua viatu mlangoni. Tumpale alikuwa na tabia hiyo. Anavua viatu, anakuja moja kwa moja jikoni na mikono ya grisi, anachota kwenye sufuria inayochemka, anaungua, anacheka. Nilimsikia nyuma yangu. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka hatakuwepo.

Nikala sahani nzima. Nikala na ile ya pili.

Ya Mzee nimeitenga kwanza, namshukuru Mungu. Salma amepita saa saba mchana. "Leo unanukia," amesema. Sikumuuliza nanukia nini. Nilidhani ni dawa ya kifuani.

Jumatatu, 27 Mei

TUPU!

Hotipoti imerudi tupu! Imefutwa — naiona njia ya tonge la mwisho chini kabisa, ule mzunguko wake. Na juu yake kitambaa kimefungwa mchele mpya wa Kyela, wa mavuno haya. Nimeuweka usoni. Nasikia kidogo, pua inaanza kufunguka. Harufu ya nyumbani.

Keziya alikuwa anaongea na kulia kwa pamoja. Mzee alifungua, akanusa, akanusa tena. Keziya akajiandaa kuchukua. Mzee akanawa mikono. Akala peke yake barazani akiangalia migomba. Akamaliza. Akasema: mwambie arudie hicho hicho. Jioni ile akaomba uji pia. Wa kwanza kuuomba mwenyewe tangu Krismasi!

Nimecheza peke yangu chumbani. Mama Tulinagwe amegonga ukuta kuuliza kama naua nyoka.

Alhamisi, 30 Mei

Mafua yamekwisha.

Nilitaka kurudia. Nikafungua kopo la Mama Tulinagwe. Nikalifunga.

Nikalifungua tena.

Hapana. Labda ni pua, haijapona sawasawa. Labda ni mkono wangu, nilishika kitu sokoni. Nimelifunga kwa mfuko, nimelitia kwenye mkoba. Kesho nitaliangalia kazini. Ndiyo kazi yangu, kuangalia.

Ijumaa, 31 Mei

Niliweka chembe kwenye kioo, tone la maji, darubini. Punje za karanga, mviringo, mafuta. Kisha gamba. Dogo sana, wazi, lina mistari ya duara kama pete za mti. Kisha uti. Kisha kitu cheusi cha duara nikakaa nacho muda mrefu mpaka nikakubali kwamba ni jicho.

Oscar akachungulia juu ya bega langu. "Unapima malaria ya karanga?" Akatazama. "Usipa," akasema, kama mtu anavyosema Jumatatu.

Nilikwenda kwa Mama Tulinagwe wakati wa chakula. Nikamuuliza unga una nini. "Karanga na usipa. Ni lishe ya mjukuu." Mbona hukuniambia! "Nikuambie nini? Zahanati yenu ndiyo inatufundisha kina mama! Twanga usipa, changanya na karanga, mtoto anyanyuke. Mmebandika picha ukutani." Ni kweli. Picha ipo mlangoni mwa kliniki ya watoto. Naipita kila asubuhi.

"Na wewe si umenenepa?" akaongeza. "Si ulisema kisamvu kilikuwa kitamu?"

Nilimwambia ndiyo. Kilikuwa kitamu.

Hilo ndilo linalonitesa zaidi. Koo halikufunga. Nililala vizuri usiku ule. Nilisema Tumpale ameingia na kuvua viatu! Na nilikula nini? Nilikula nini mimi? Na nimemlisha baba yake.

Jumamosi, 1 Juni

Salma alikuja kuchukua. Nimempa wali na kunde, kunde safi, nimezichambua moja moja. Akanusa, akakunja uso. "Hii ni ya mgonjwa kweli."

Nimeosha hotipoti kwa majivu. Nimeisugua mpaka imepoteza ule mng'aro wake. Bado nanusa.

Jumatatu, 3 Juni

Amefungua, amenusa, amefunika. Anauliza kile cha kijani kiko wapi. Keziya anasema jana hakula kitu. Leo kikombe cha chai. "Wifi, una nini? Mtu amekwambia rudia, si urudie!"

Njia mbili. Nirudie, ninyamaze, Mzee aishi kwa kile alichoapa mbele ya watu kwamba hataonja. Atakula, atanenepa, na kila sahani itakayorudi tupu itanijua. Au nimwambie, na afunike moja kwa moja. Akifunika mara hii hatafungua tena, namjua — namjua na sijawahi kumwona! Namfahamu mtu huyu kwa sahani kuliko ninavyowafahamu watu kwa nyuso.

Na nitamwambiaje? Siruhusiwi kumtazama. Kumpigia simu ni kama kusimama mbele yake. Nitamwambia Keziya amwambie. Maneno yatavuka mto kwa mdomo wa mtu mwingine, kama hotipoti.

Jumanne, 4 Juni

Nimerekodi, nimefuta. Nimerekodi tena. Mwisho nikasema tu: Keziya, kile kisamvu kilikuwa na usipa wa ziwa, sikujua, nilikuwa na mafua, nilipewa unga. Na mimi nilikula. Mwambie tata, baba yetu. Usimfiche.

Nikatuma. Alama mbili. Zikageuka bluu.

Jumatano, 5 Juni

Keziya: "Umetuua, wifi."

Hakuna kingine.

Kazini nimesoma kioo kimoja mara tatu. Oscar amenichukulia zamu ya mchana bila mzaha. Nikamwambia yote, safari hii yote, si nusu. Akanichemshia chai ya maziwa, akaikoroga muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Nimepita ufukweni nikirudi. Wanaanika usipa kwenye chanja, mbali kama macho yanavyofika, fedha tupu juani. Macho yote yako wazi. Nilisimama. Nikasema kwa sauti, uko wapi? Mwanamke aliyekuwa anageuza usipa akanijibu kwa Kingonde: niko hapa, unataka kiasi gani?

Ijumaa, 7 Juni

Keziya hatimaye. Alimwambia Mzee jana asubuhi, barazani, akiwa amepiga magoti. Mzee akauliza mvua imekatika upande wa Kasumulu? Akaomba koti lake lifuliwe na viatu vipigwe rangi. Keziya hajui maana yake. "Labda anakwenda kanisani kukushtaki kwa mchungaji," amesema, na kidogo alicheka, na kidogo alilia.

Koti na viatu. Alivivaa mara ya mwisho siku ya kuanua matanga. Viatu hivyo niliviona chini ya pazia.

Jumamosi, 8 Juni 2024

Naandika nikiwa jikoni, daftari juu ya ndoo ya unga. Sina namna nyingine ya kutulia.

Saa nne asubuhi Salma aliita nje: "Shoga! Leo nimekuletea mzigo usioingia kwenye hotipoti!" Nilikuwa naelekea mlangoni nikasikia kikohozi.

Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Nikajifunika kitenge. Miguu ilifanya yenyewe.

Mzee! Amevuka mto! Pasi ya muda ya mpakani mfukoni, koti jeusi, joto hili la Karonga. Salma alimkalisha kwenye kiti cha Mama Tulinagwe barazani. Mzee mwenyewe akakigeuza, akakaa mgongo kwenye mlango wangu, uso ziwani. Salma akasema atarudi jioni na basi. Akapenyeza sauti dirishani: "Usizimie. Mtu ana njaa tu."

Mama Tulinagwe alitoka kwake, akamwona yeye, akaniona mimi ndani na kitenge kichwani, akaelewa papo hapo. "Aaa. Mkwe." Huku kwao waliacha zamani, anasema, ila bibi yake alimwonyesha. Akasimama kizingitini kati yetu, kama shahidi. Wakasalimiana, ugonile, ugonile, yeye kwa Kinyakyusa, Mama kwa Kingonde. Mzee akampa kifurushi cha majani ya mgomba. "Mwambie apike hiki."

Mbasa. Mkubwa, wa leo, macho bado maangavu. Amemnunua mwenyewe.

Nilimshika Mama Tulinagwe mkono. Muulize anajua ni samaki wa wapi. Mama akamgeukia, ingawa hatua mbili tu zinatutenga na kila neno analisikia: "Anauliza unajua samaki huyu ni wa wapi." Mzee akasema mwambie najua. Mwambie nilijua na kile kisamvu tangu tonge la kwanza.

Muulize kwa nini basi alimaliza.

"Anauliza kwa nini ulimaliza, tata."

Akakohoa. Kisha akasema polepole, na Mama Tulinagwe akarudia neno kwa neno bila kuelewa: "Anasema — mwambie nilijisemea, kama yumo, basi na aingie nyumbani. Nimemfungia nje muda mrefu." Akanitazama. "Nani huyo amefungiwa nje?"

Ilibidi niseme. "Mume wangu, mama. Mwanawe. Alizama. Hakuonekana."

Mara ya kwanza kulitamka ndani ya chumba hiki. Halikusikika kubwa kama nilivyodhani.

Mama Tulinagwe aliweka mkono mdomoni. Nilijua anahesabu mabakuli yote ya usipa aliyonigongea nayo. Kisha akasema anakwenda kutafuta ndimu. Ndimu ziko hapa mezani. Ameziona. Amekwenda.

Nimempasua mbasa. Nilifunga macho kwanza, kisha nikayafungua, maana ndiyo kazi yangu. Nimelipasua tumbo taratibu kwa kisu kidogo. Ndani mlikuwa na usipa. Wadogo, wazima, wamepangana kama vidole. Usipa tu. Nimeangalia mpaka mwisho. Usipa tu.

Nimekaa chini kidogo.

Sasa anachemka, nyanya, kitunguu, chumvi, na ule mchele wa Kyela kwenye moto wa pili. Mvuke umejaa chumba. Harufu yenyewe. Hakuna mafua leo. Nilichukua kifuniko, sijui kuficha nini, na nani. Nikasikia kutoka barazani:

"Asifunike."

Mama Tulinagwe hayupo. Hakuna wa kumwambia. Ameliambia ziwa.

Nimerudisha kifuniko mezani. Bega lake naliona kwenye upenyo wa mlango. Koti limempwaya mno, kola imesimama mbali na shingo. Hajageuka. Hatageuka, namjua.

Wali umeiva. Nikiweka chakula kizingitini na kupiga makofi, niende wapi? Mlango ni mmoja na yeye amekaa mbele yake. Nimeita "Mama!" kwa sauti ndogo, dirishani. Nadhani yupo nyuma ya nyumba, anasikia, hataki kuja.

Amekohoa tena. Akasema, bado kwa ziwa, kwamba yeye hawezi kumaliza mbasa mzima peke yake.

Nimepakua. Nimeangalia mikono yangu. Sahani mbili.